Shabiki wa kweli hupimwa baada ya kipyenga cha mwisho



Mwezi huu sitaandika juu ya malaria wala juu ya kuchemsha maji ya kunywa. Nitaandika juu ya mpira wa miguu. Najua baadhi ya akina baba watacheka na kuuliza, "Nesi naye anajua nini juu ya mpira?" Naomba wanivumilie. Mpira nimeukuta wodini, na kila kinachofika wodini kinanihusu.

Jumapili moja jioni nilikuwa zamu katika wodi ya watoto. Mtoto mmoja wa kiume, umri wake miaka sita hivi, alikuwa amelazwa kwa nimonia. Alikuwa amepona, daktari alikwisha andika ruhusa tangu asubuhi, na mama yake alikuwa amefunga vyombo na kanga zake tayari kwa safari. Lakini hakuondoka. Alikaa ukingoni mwa kitanda mpaka saa moja usiku, ndipo akaniita kwa sauti ndogo: "Sista, samahani, mpira umeishaje?"

Siku hiyo walicheza watani wa jadi, Simba na Yanga. Mlinzi wa getini alikuwa na redio, kwa hiyo hospitali nzima ilijua matokeo. Nikamwambia. Mama yule akainamisha kichwa, kisha akaanza kufungua furushi lake. "Basi, sista, naomba tulale hapa leo."

Nikamtania, "Kumbe mama nawe ni mnazi kiasi hicho!" Hakucheka. Aliyenijibu ni mtoto: "Baba akifungwa, anapiga."

Hakusema timu ya baba ikifungwa. Alisema baba akifungwa. Tuliwaacha walale. Sitaitaja timu ile wala kijiji chao, kwa maana ugonjwa huu hauchagui rangi ya jezi.

Baadaye mama aliniambia kwamba kijijini kwao mumewe anasifiwa kuwa ndiye shabiki wa kweli kuliko wote. Mlango wa nyumba ameupaka rangi za timu. Hakosi mechi hata moja pale kwenye kibanda umiza. Timu ikifungwa, hali chakula. Watu wanamwita "damu damu". Neno hilo, shabiki wa kweli, ndilo ninalotaka tulipime leo kama tunavyopima joto la mgonjwa.

Kwa maoni yangu, shabiki wa kweli ni yule ambaye watu wa nyumbani kwake wanaweza kumwuliza matokeo bila kuogopa jibu.

Mpira huingia mwilini

Siwadharau wanaoumia kwa ajili ya mpira. Maumivu yale ni ya kweli, hata daktari anaweza kuyapima. Mwaka 2006, Kombe la Dunia lilipochezwa Ujerumani, madaktari wa mji wa Munich na maeneo ya jirani walihesabu wagonjwa wa dharura za moyo. Siku ambazo timu ya Ujerumani ilicheza, dharura hizo ziliongezeka na kufikia mara 2.66 ya siku za kawaida. Kwa wanaume zilifika mara 3.26, na kwa wanawake mara 1.82. Wagonjwa walikuwa wengi zaidi katika saa mbili za kwanza tangu mechi kuanza, na waliokuwa na ugonjwa wa moyo tangu zamani ndio waliokuwa hatarini zaidi. Utafiti huo ulichapishwa mwaka 2008.

Sababu yake inaeleweka. Mtu akiwa na wasiwasi mkubwa, mwili humwaga homoni iitwayo adrenalini. Moyo hupiga mbio, mishipa hubana, na shinikizo la damu hupanda. Mwili haujui kwamba ni mchezo. Hujiandaa kana kwamba chui ameingia zizini.

Basi yupo mtu atakayesema, "Sista, umejibu mwenyewe. Mume akipiga, ni mwili tu huo, ni presha ya mechi." La hasha! Mapigo ya moyo hatuyaamrishi, lakini mkono tunauamrisha. Mtu yule yule aliyempiga mkewe jioni hakumpiga mwenye kibanda, wala jirani mwenye misuli aliyemzomea njiani. Aliuzuia mkono wake njia nzima mpaka akafika kwa aliye dhaifu.

Tena tusidanganyike kwamba kosa ni la matokeo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lancaster, Uingereza, walichunguza taarifa za ukatili wa nyumbani zilizofika polisi katika eneo la Lancashire wakati wa Kombe la Dunia la miaka ya 2002, 2006 na 2010. Timu ya England iliposhindwa, taarifa hizo ziliongezeka kwa asilimia 38. Lakini hata iliposhinda au kutoka sare, ziliongezeka kwa asilimia 26. Ushindi haukuwaponya akina mama wale. Mwenye tabia ya kupiga hutafuta sababu, na pombe humsaidia kuipata upesi.

Mayai sita na mayai mawili

Mimi mwenyewe nililelewa na shabiki. Marehemu baba yangu alikuwa Mngoni, na alikuwa Simba tangu enzi za jina la Sunderland, kabla halijabadilishwa mwaka 1971. Jirani yetu alikuwa Mhehe, naye alikuwa Yanga. Ninyi mnajua kwamba Wangoni na Wahehe walipigana vita vikali katika karne ya 19, kisha wakawa watani. Wale wazee wawili walikuwa watani mara mbili.

Mwaka 1977 Simba iliifunga Yanga mabao 6 kwa 0. Nilikuwa na miaka saba. Jirani alijifungia ndani. Baba akaokota mayai sita bandani, akayaweka katika kikapu, akaenda kupiga hodi kwa uso wa huzuni: "Nimekuja kuhani msiba. Rambirambi yangu ndiyo hii." Mzee yule alimtukana matusi yote ambayo mtani anaruhusiwa kutukana, kisha akamwambia mkewe ayakaange. Wakayala pamoja.

Miaka 16 ikapita. Mwaka 1993 Simba ilifika fainali ya Kombe la CAF dhidi ya Stella Abidjan ya Ivory Coast. Kule Abidjan walitoka 0 kwa 0, na nchi nzima iliamini kwamba kombe linabaki nyumbani. Mechi ya marudiano ilichezwa Dar es Salaam mwezi Novemba. Nilikuwa mwanafunzi wa uuguzi, nami nilikuwapo nyumbani tukisikiliza redio. Simba ilifungwa 2 kwa 0 mbele ya watu wake. Baba alizima redio, akakaa kimya muda mrefu. Usiku ule alimega ugali tonge mbili tu. Tulijua anaumia. Lakini hakuna mtoto aliyekimbilia chumbani, wala Mama hakuficha mwiko. Mdogo wangu alipouliza, "Baba, tumefungwa?" alimjibu, "Tumefungwa, mwanangu. Wametuzidi."

Muda si muda tukasikia hodi. Alikuwa mtani, na mkononi ameshika mayai mawili. Akasema, "Leo sikuja kucheka. Wewe ni wangu kukucheka mimi, siyo hao wageni." Baba akacheka kwa mara ya kwanza jioni ile.

Baba alipofariki, aliyekuwa wa kwanza kushika jembe makaburini ni mzee yule wa Yanga. Ndiyo desturi ya utani: anayekuchokoza siku ya furaha, ndiye anayekuhudumia siku ya msiba. Wazee wetu walipouita ushindani wa Simba na Yanga utani wa jadi, walijua maana ya neno hilo. Hawakuuita uadui.

Anayekaa timu ikianguka

Wengine husema shabiki asiyechukia akifungwa si shabiki. Mimi nasema kuvumilia kufungwa ndiyo kazi kubwa ya shabiki, kwa kuwa kushangilia ushindi hata mpita njia anaweza. Waangalieni watu wa Majimaji ya Songea. Mwaka 1998 timu hiyo ilitwaa ubingwa wa Muungano, na wakati huo kila mtu alikuwa mwana-Majimaji. Mwaka 2018 ilishuka daraja kutoka Ligi Kuu, na wengi wakakumbuka kwamba wana shughuli nyingine. Namfahamu mzee mmoja ambaye hakuacha kwenda uwanjani, na kiti chake amekibeba mwenyewe. Huyo ameonja kufungwa mara nyingi kuliko sisi sote, na wajukuu wake wanagombania kumsindikiza. Hapo ndipo unapomjua shabiki.

Ushauri kwa familia

Kwa kuwa ukurasa huu ni wa afya, naomba nitoe ushauri kwa wapenzi wote wa mpira, wanaume kwa wanawake:

1. Kama una presha au ugonjwa wa moyo, meza dawa yako kila siku kama ulivyoandikiwa, na siku ya mechi usiiruke. Wengi huacha dawa kwa sababu wanajisikia vizuri. Presha haina kelele. Pima hata kama huumwi.

2. Ukisikia kifua kinabana, maumivu yakaenda begani, mkononi au kwenye taya, ukatokwa jasho la baridi au ukahema kwa shida, usingoje mpira uishe. Vivyo hivyo mdomo ukienda upande mmoja, mkono au mguu ukilegea ghafla, au maneno yakishindikana, hicho huenda ni kiharusi. Mpelekeni mgonjwa hospitali mara moja, na msimpe chakula wala kinywaji.

3. Pombe na hasira ni ndugu. Ukijua kwamba ukifungwa unakuwa mkali, usinywe siku hiyo. Ukiona hasira imepanda, tembea mpaka itulie, au keti kwa rafiki mwenye busara, ndipo urudi nyumbani.

4. Msicheze mikeka kwa fedha ya ada, ya mbolea au ya dawa. Aliyeweka fedha ya chakula kwenye mechi hatazami tena mpira. Anatazama sufuria ya watoto wake ikipigiwa penalti.

5. Akina mama na watoto wanaopigwa wasifikiri kwamba ni kawaida ya nyumba. Njooni hospitali mtibiwe na mseme ukweli, msituambie kwamba mmeanguka kisimani. Lipo Dawati la Jinsia na Watoto polisi, na mtoto anaweza kusaidiwa kwa kupiga simu namba 116 bila malipo. Jirani anayesikia kilio naye asiongeze sauti ya redio.

6. Tazameni mpira pamoja na watoto inapowezekana, nao waone jinsi mtu mzima anavyofungwa. Somo hilo litawafaa maisha yote, hata katika mambo yasiyo ya mpira.

Jibu nililochelewa kulitoa

Nirudi kwa yule baba. Kesho yake asubuhi alikuja kuwachukua mkewe na mtoto. Alikuwa mpole, amevaa jezi ya timu yake, na alikuwa amebeba chupa ya chai na maandazi. Alinishukuru sana kwa kumtunza mwanawe. Kisha, kama watu wanavyosemezana, akaniuliza, "Sista, jana uliangalia mpira?"

Nilikuwa na nafasi ya kusema neno. Nilikuwa nimevaa sare yangu, na niko katika wodi yangu, na mbele yangu alisimama mtu aliyenisikiliza kwa heshima. Nikamjibu tu, "Tulikuwa na wagonjwa wengi." Nikasaini kadi ya mtoto, wakaenda. Yule mtoto alimshika mama yake mkono, na upande wa baba alibeba furushi ili mkono huo usiwe wazi.

Nimeuguza watu kwa zaidi ya miaka 30, na nimejua kwamba yapo makosa ya muuguzi ambayo hayaandikwi kwenye faili. Hilo ni mojawapo.

Basi, baba, kama gazeti hili limekufikia, jibu langu ni hili. Sikuangalia mpira siku ile, lakini nilisikia matokeo yake kutoka kwa mwanao. Timu yako ina wachezaji wa kuipigania, nawe una watu wawili tu. Mechi ijayo, iwe imeshinda au imefungwa, fika nyumbani, keti chini, na umwache mtoto akuulize mpira umeishaje. Akikuuliza bila kurudi nyuma hatua moja, hapo nami nitakuita shabiki wa kweli.