Msiwafundishe watoto wetu kuogopa mvua

Bwana Mhariri,

Naandika kwa uchungu juu ya namna watoto wetu wadogo wanavyofundishwa Neno la Mungu siku ya Jumapili.

Mwanangu wa miaka sita alirudi kutoka ibada ya watoto akaniuliza: "Baba, wale waliochukuliwa na mto Mulongwe walikuwa waovu?" Mwalimu alikuwa amewasimulia habari ya Nuhu, kisha akaiunganisha na mafuriko yetu ya hapa Uvira ya Aprili 2020. Tangu hapo, mvua ikinyesha usiku, mtoto halali.

Kwa nini simulizi iishie majini, isifike kwenye upinde wa mvua na ahadi? Katika Luka 13, Yesu mwenyewe anakataa kwamba walioangukiwa na kuuawa na mnara wa Siloamu walikuwa wakosefu kuliko wengine. Mtoto mdogo aanze na huruma: amjue Mungu anayetutuma kumpokea jirani aliyebomokewa nyumba. Hofu haimjengi.

Nawaomba wachungaji na mapadri wawaandae walimu wa watoto kabla ya kuwakabidhi darasa. Nanyi wazazi wenzangu, watoto wakiuliza hivyo, mnawajibu nini? Tuandikieni.

Mzazi, Songo, Uvira