Mtoto wa Ruiri Hahitaji Bunduki

Mwandishi mwenzangu ametushauri wazazi wa Ruiri tumchagulie mtoto bunduki nyepesi ya kuanzia, ajifunze kulenga paa na kulinda shamba. Nakataa, tena waziwazi. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na Sheria ya Wanyamapori ya 2013 inakataza hata kuwinda kwa ajili ya kitoweo. Anayefuata ushauri huo anamnunulia mwanawe kesi.

Anasema babu zetu waliwafunza vijana kuwinda. Ni kweli, lakini kwa upinde na mtego, wazee wakiwa karibu, na pori likiwa pana. Leo shamba limepakana na boma, na risasi iliyomkosa paa humfuata mtoto wa jirani anayechunga mbuzi kichakani.

Uchungu wa mahindi yaliyoliwa naujua. Nimekesha shambani nikipiga debe. Lakini sheria hiyohiyo inampa mkulima haki ya kudai fidia ya mazao, na familia ya aliyeuawa na mnyama shilingi milioni 5. Fidia huchelewa mno, na hilo linaniudhi kuliko paa yeyote. Ndugu yangu, kalamu yako ielekeze huko.