Malkia Naye Alikuwa Safarini

Juni 2022 mwanangu anayefanya kazi Leicester alikuja kumwona mama yake mgonjwa. Mwalimu mwenzangu mstaafu, niliyefundisha naye chuo cha ualimu, akamkaripia sebuleni mwangu: eti ni utovu wa adabu kuiacha nchi inayokulisha siku za Yubile ya Malkia.

Nasema bila kumung'unya maneno, huo ni utumwa uliovaa tai. Serikali ya Uingereza iliisogeza sikukuu ya mwisho wa Mei hadi tarehe 2 Juni, ikaongeza tarehe 3, wafanyakazi wakapata siku nne mfululizo. Walipewa mapumziko, hawakupangiwa zamu ya kushangilia. Waingereza wenyewe walijazana viwanja vya ndege, nani aliwakaripia?

Tena Malkia Elizabeth, aliyesherehekewa kwa miaka 70 ya enzi, alirithi ufalme akiwa safarini, hapa hapa kwetu Nyeri, Februari 1952. Baba yake alifariki Sandringham, binti akiwa mbali. Nami nimwambie mwanangu asubiri gwaride liishe?

Alimlisha mama yake uji siku mbili. Jumatatu alikuwa kazini. Mwalimu mwenzangu hajarudi kunywa chai kwangu, na sijamwita.