Afungaye mzigo naye afunzwe

Juma lililopita nilitembelewa na kijana niliyemfundisha hesabu miaka kadhaa iliyopita. Aliponinyoshea mkono kuniamkua, niliona kwamba vidole viwili havipo. Alivipoteza katika ujenzi wa jumba la ghorofa mjini, kreni ilipoanza kuinua tita la nondo kabla hajauachilia mnyororo aliokuwa akiufunga. Nilimwuliza ni nani aliyempa dereva ishara ya kuinua. Alinijibu kwamba watu watatu walikuwa wakipunga mikono kwa wakati mmoja, naye dereva akamtii yule aliyemwona kwanza.

Nimelitafakari sana jibu hilo. Dereva wa kreni huulizwa cheti kabla ya kukabidhiwa mtambo, na ni haki aulizwe. Lakini yule afungaye mzigo chini, na yule amwongozaye dereva kwa mikono, mara nyingi huokotwa langoni asubuhi miongoni mwa vibarua, akaambiwa, "Haya, wewe shika mnyororo." Ilhali dereva aliye juu huenda asiuone mzigo kamwe. Macho yake ni yule aliye chini, na macho hayo hayakufunzwa kuona.

Wapo wanaodhani kwamba kufunga mzigo ni kazi ya misuli tu. La hasha! Chukua mzigo wa tani 2 unaoinuliwa kwa minyororo miwili. Minyororo hiyo ikisimama wima, kila mmoja hubeba tani 1. Ikitanuliwa hadi kila mmoja ufanye pembe ya digrii 45 na ulalo wa mzigo, kila mmoja huvutwa kwa uzito wa takriban tani 1.4. Ikitanuliwa zaidi, pembe ikawa digrii 30, kila mmoja huvutwa kwa tani 2 nzima. Mzigo haujaongezeka hata ratili moja, lakini mnyororo uliotengenezewa tani 1.5 sasa umezidiwa, na kibarua aliyeufunga hana habari.

Nilimchorea kijana yule pembetatu hiyo mezani. Aliitazama kitambo, kisha akasema, "Mwalimu, hii si tuliisoma kidato cha pili? Hatukuambiwa ni ya kazi gani." Nakiri kwamba maneno hayo yalinichoma, kwani mwalimu mwenyewe ni mimi.

Mengine anayopaswa kuyajua mfungaji si mengi wala si magumu. Ndoano ya kreni iwe juu kabisa ya kitovu cha uzito, la sivyo mzigo utapinduka. Mshipi wa kitambaa usipitishwe kwenye ukingo mkali bila kuwekewa kinga, na ule uliochanika au uliopotewa na kibandiko cha uzito wake utupwe. Mzigo uinuliwe kiasi cha shubiri, usimamishwe na kukaguliwa, ndipo upande. Uongozwe kwa kamba, si kwa mkono, na asiwepo mtu chini yake. Kuhusu ishara, kidole kikielekezwa juu na kuzungushwa maana yake ni inua. Kikielekezwa chini na kuzungushwa, teremsha. Mtoa ishara awe mmoja tu. Hata hivyo, ishara ya kusimama yaweza kutolewa na yeyote, hata mpika chai, na dereva sharti aitii papo hapo.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inataka minyororo na kamba za kuinulia zichunguzwe na mtaalamu angalau mara moja kila miezi 6. Sheria iyo hiyo inamtaka mwajiri awape wafanyakazi mafunzo na usimamizi. Katika sehemu za ujenzi nilizobahatika kuzizuru, hayo mafunzo ni kofia ya plastiki na onyo la kutochelewa.

Makandarasi hujitetea kwamba kibarua wa leo kesho hayupo, basi ya nini kumfunza? Utetezi huo siukubali. Waajiri wetu hutozwa shilingi 50 kwa mwezi kwa kila mfanyakazi, na fedha hizo huenda kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Kiviwanda, ambayo pia huwatahini mafundi na kuwapa vyeti. Kibarua anayehamahama ndiye hasa anayehitaji cheti cha kuhama nacho. Mwajiri wa pili atampokea akiwa tayari anajua, na hatalazimika kumfunza upya. Aidha, mafunzo hayo na yatolewe kwa Kiswahili. Jedwali la uzani lililoandikwa kwa Kiingereza na kubandikwa ukutani halimwokoi mtu ambaye amri zote kazini huzipokea kwa Kiswahili.

Lakini nisiwasukumie wengine mzigo wote. Muhula ujao nitaingia darasani na mizani mbili za springi, kamba, na mfuko wa sukari wa kilo 2. Wanafunzi wawili wataushikilia mfuko kamba zikiwa wima, na kila mizani itasoma kilo 1. Kisha nitawaambia warudi nyuma polepole, mmoja huku na mwingine kule, huku darasa zima likisoma mishale kwa sauti hadi ifike kilo 2. Baada ya hapo ndipo nitakapoandika pembetatu ubaoni.