Pikapu ya babu isiwagombanishe mama na mwana

Babu alipofariki aliacha saa ya mkononi, sanduku la spana na pikapu ya Ford F-1 ya mwaka 1950, iliyofunikwa turubai ndani ya banda la nyumba yake, huko Marekani. Binti yake alikuwa akipelekwa shule na pikapu hiyo. Mume wa binti, aliyetokea Tanzania, hakuwahi kuiendesha. Kijana wao wa miaka 16 ndiye aliyeiomba.

Ugomvi ulianza siku ileile. Kijana alibonyeza kitufe cha stata, injini ikajikokota mara mbili ikanyamaza. Taa za mbele ziliwaka kama vibatari. Akasema volti sita ni mambo ya kale, wiki ijayo anaweka mfumo wa volti 12. Mama akajibu kuwa gari la baba yake halitaguswa. Baba akabaki katikati.

Mabishano kama haya yamo katika nyumba nyingi, hata zisizo na gari. Mtoto anataka kubadilisha, mzazi anataka kuhifadhi, na hakuna aliyekaa chini kuchunguza kitu chenyewe kina tatizo gani.

Volti sita si ugonjwa

Pikapu za Ford zilitumia volti sita kwa miaka mingi, hadi zile za mwaka 1956 zilipokuja na volti 12. Ziliwaka asubuhi za baridi kali na kufanya kazi za shamba. Kwa hiyo pikapu ya aina hiyo ikishindwa kuwaka leo, kosa haliko kwenye namba sita.

Siri iko kwenye nyaya. Taa ya wati 30 huvuta ampea mbili na nusu kwenye volti 12, lakini kwenye volti sita huvuta ampea tano. Umeme mwingi namna hiyo unahitaji waya mnene na viungo visafi. Volti moja ikipotea njiani kwa sababu ya kutu, mwenye volti 12 huenda asigundue. Mwenye volti sita amepoteza sehemu moja kati ya sita: taa zinafifia na stata inachoka.

Mita iwe mwamuzi

Baba alifanya jambo la busara. Hakumnyamazisha kijana, wala hakumpinga mkewe. Alimpa kijana mita ya kupimia umeme na kumwambia, “Mwanangu, tuonyeshe volti zinapotelea wapi.”

Betri iliyochajiwa na kupumzishwa ilisoma volti 6.3. Hiyo ni betri nzima. Gia ikawekwa huru na breki ya mkono ikavutwa. Kijana akagusisha ncha moja ya mita kwenye kichwa cha betri kilichofungwa kwenye bodi, na nyingine kwenye chuma kitupu cha injini, kisha baba akabonyeza stata. Mita ilisoma karibu volti moja. Katika njia iliyo safi isingezidi sehemu moja au mbili za kumi za volti.

Chanzo kikaonekana. Mtu fulani zamani alifunga nyaya za betri za gari la kisasa, nyembamba, juu ya rangi na kutu. Kijana alizitoa, akasugua kwa msasa hadi chuma kikang'aa, akafunga nyaya nene zinazofaa volti sita na kuongeza waya mmoja kutoka kwenye injini hadi kwenye chesi. Alisafisha pia soketi za taa na sehemu zake za kushikia bodi. Injini ikawaka. Taa zikapata nguvu, ingawa hazikufikia za magari ya leo.

Mama alimtazama kijana akifanya kazi hiyo siku nzima. Kijana naye aligundua kwamba mama hakuwa akitetea betri, alikuwa akimlilia baba yake.

Usalama wa mtoto kwanza

Mzazi anayemruhusu mtoto kushika kazi hii hapaswi kumwacha peke yake. Betri hutoa gesi inayolipuka kwa cheche ndogo, na ndani yake mna tindikali. Miwani ya kinga ivaliwe. Pete na saa zivuliwe. Tindikali ikimrukia mtoto machoni, aoshwe kwa maji safi mengi kwa dakika 20 hivi na apelekwe hospitali.

Waya wa kwanza kufunguliwa, na wa mwisho kufungwa, ni ule ulioshikana na bodi. Katika Ford za wakati huo waya huo ni wa chanya, kinyume cha magari ya sasa. Anayekariri tu kwamba “hasi hutolewa kwanza” anaweza kukosea.

Gari la volti 12 lisitumike kuiwasha pikapu ya volti sita. Globu zinaweza kuungua, na betri kupata madhara. Chaja nayo iwekwe kwenye alama ya volti sita. Wapo wanaofunga betri ya volti nane kama njia ya mkato; hiyo inaficha kutu badala ya kuiondoa, na globu hufa mapema.

Wakati wa kubadilisha

Hata hivyo, kijana hakuwa amekosea kabisa. Pikapu itakayotembea usiku kila mara, kati ya magari yenye taa kali, ina sababu nzuri ya kupewa volti 12. Lakini kazi hiyo si ya kubadilisha betri tu. Dainamo hutolewa na kuwekwa alteneta, na kwa kawaida upande wa hasi ndio hufungwa kwenye bodi. Globu zote hubadilishwa, pamoja na koili na honi. Geji na mota ya hita huhitaji vifaa vya kupunguza volti. Stata ya zamani mara nyingi huvumilia, ila hugonga kwa nguvu zaidi, hivyo isishikiliwe muda mrefu. Nyaya zenye kitambaa kilichopasuka zibadilishwe zote na fyuzi ziongezwe, iwe ni volti sita au 12, kwa sababu hapo ndipo moto huanzia.

Familia hii ilikubaliana hivi. Pikapu ibaki na volti sita, na kijana aiendeshe mchana tu. Siku akipata kazi ya kumrudisha nyumbani usiku, watabadilisha, na kila kifaa cha babu kitakachotolewa kitawekwa kwenye sanduku na kuandikwa jina, ili kiweze kurudishwa.

Mzazi mwenye ugomvi wa namna hii nyumbani, uwe wa gari, shamba au nyumba ya urithi, anaweza kuanzia hapo. Kabla ya kusema ndiyo au hapana, ampe mtoto kazi ya kupima. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa wa nyumba hii ulikuwa waya mmoja mwembamba uliofungwa juu ya kutu.