Pikapu inayotubeba siku ya kukimbia inafia kwenye tanki

Wasomaji na wasikilizaji wetu wa Kibumba, na ninyi wote ambao bado mko mbali na nyumba zenu, leo sitaongea juu ya bunduki. Nitaongea juu ya mazutu, ile ambayo wengine wanaita dizeli. Najua kuna watakaosema kwamba mwandishi amekosa habari. Naomba usome kwanza mpaka mwisho, kisha utaamua kama jambo hili linakuhusu ao hapana.

Novemba 2022, wakati vita iliteremka kutoka upande wa Rutshuru kuja kwetu, nilipanda nyuma ya pikapu moja ya zamani pamoja na familia zingine tatu. Kulikuwa magodoro, masufuria, mbuzi mmoja, na watoto katikati ya mizigo. Tulikuwa hatujafika Kibati injini ikaanza kukohoa. Ikapoteza nguvu, ikarudi kidogo, kisha ikazimika. Shofere alifungua mbele, akalegeza robine ndogo iliyo chini ya filtre, na yakatoka maji yenye rangi ya kutu. Alijaribu tena na tena mpaka batri ikachoka. Tuliteremka, tukabeba watoto mgongoni na magodoro kichwani, tukaendelea kwa miguu mpaka Kanyaruchinya. Mzee mmoja aliyekuwa nasi, ambaye miguu yake ilikuwa imevimba, alibaki kando ya barabara mpaka usiku, ndipo gari ingine ikamuokota. Maji ya kikombe kimoja tu ndiyo yalituteremsha siku ile.

Tangu hapo nina wazo moja, na ndilo nataka kuwaletea. Usafi wa mazutu ndani ya pikapu zetu si shauri la mwenye gari peke yake. Ni shauri la kila mtu anayepakia ndani yake.

Angalieni kazi ambayo gari hizi zinafanya. Mashu, viazi, karoti na puaro za Kibumba zinafika kwenye masoko ya Goma juu ya pikapu na malori madogo, kwenye barabara ya taifa namba 2. Mgonjwa aliyezidiwa usiku anateremshwa kwa pikapu. Hata maji: udongo wetu wa volkano unazaa vizuri, lakini unameza mvua yote na hatuna mto. Wazee wanakumbuka mwaka 1994, wakati kambi kubwa ya wakimbizi wa Rwanda ilikuwa hapa Kibumba, maji yalikuwa yanapandishwa kwa malori kutoka Goma. Gari ikilala hapa, kitu kinalala nayo: shu inaoza, mgonjwa anachelewa, mama muuzaji anapoteza mtaji.

Sasa uchafu unatoka wapi? Mazutu yetu yanasafiri mbali sana, kutoka bandari za Mombasa na Dar es Salaam, yanapita mipaka, yanamwagwa kwenye matanki, kisha kwenye pipa, kisha kwenye bidoni ya kadafi anayeuza kando ya njia. Kila anapomwaga mtu, kuna nafasi ya vumbi na maji kuingia. Bidoni ya leo jana ilibeba maji ao mafuta ya kupikia. Mvua inanyesha juu ya pipa ambalo kifuniko chake hakifungi. Kuna pia wanaochanganya mazutu na petroli ya taa ili wapate faida. Na kuna adui mwingine ambaye hauzwi na mtu: baridi yetu. Gari ikilala na tanki nusu tupu, hewa iliyo ndani inapoa usiku na kutoa matone ya maji, kama vile mabati yanavyotoa jasho asubuhi. Maji ni mazito kuliko mazutu, kwa hiyo yanashuka chini, yanakula chuma, yanaleta kutu na ute mweusi unaoziba filtre.

Wengine wanasema gari ya zamani ni ngumu, inakunywa kitu chochote. Huo ni uongo unaotugharimu. Injini ya zamani kama ile ya 1HZ ya Toyota Land Cruiser ina pompa ambayo inapata ulaini wake kutoka kwa mazutu yenyewe. Mazutu ndiyo grisi yake. Ukiiletea maji ao petroli ya taa, vyuma vinasagana vikiwa vikavu. Na yule aliyenunua Hilux ya D-4D akifikiri ameepuka matatizo, ajue kwamba injini hiyo inasukuma mazutu kwa nguvu inayozidi bar 1,000, kupitia matundu madogo sana ya enjektere. Chembe ya kutu usiyoiona kwa macho inatosha kuiharibu.

Kinga yenyewe haiombi elimu kubwa. Kabla ya kumwaga mazutu ndani ya tanki, jaza chupa nyeupe ya plastiki na uiache imetulia. Maji yatashuka chini na utaona mstari. Mazutu mazuri yanaonekana safi kama chai nyepesi. Yakiwa na ukungu, yaache. Mazutu ya pipa yalale siku nzima bila kutikiswa, halafu uvute kutoka juu na uache sehemu ya chini kabisa. Tumia mrija wenye kichujio. Jaza tanki jioni, usisubiri asubuhi, ili baridi isikute nafasi ya hewa. Usiendeshe mpaka tanki likauke, sababu utavuta takataka za chini, na hewa itaingia kwenye mirija. Hapo utakaa njiani ukipiga pompa ya mkono ili kuitoa.

Kila juma, ao kila baada ya kununua mahali usipopajua, legeza robine ya chini ya filtre mpaka mazutu safi yatoke. Taa ya filtre ikiwaka mbele yako, simama uondoe maji. Usiseme nitafika kwanza Goma. Na filtre ibadilishwe mapema. Vitabu vya gari vinaongea juu ya kilometa 10,000 ao 20,000, lakini vinafikiria mazutu ya stesheni safi. Sisi tunaokunywesha gari kwa bidoni na kula vumbi la njia, nashauri tusipite 5,000.

Najua jibu litakalokuja: "Mwandishi, bei ya shu imeanguka, filtre nitalipa na nini?" Ni swali la haki. Mimi pia naona maisha yalivyo. Lakini hesabu vizuri. Filtre inalipwa kwa safari moja iliyoenda vizuri. Pompa ikifa, unaweza kuuza mavuno ya shamba zima na bado ukabaki na deni. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta huu unajengwa kwa dola. Nimeona pia mashofere wanaotoa filtre kabisa na kuunganisha mrija moja kwa moja, eti gari ipate nguvu. Huko ni kumtoa mlinzi mlangoni kwa sababu amechoka.

Sikubaliani tena na wale wanaomtupia kadafi kosa lote. Vijana hawa wanatafuta chakula kama sisi. Anayemdanganya mnunuzi ana dhambi yake, lakini mnunuzi anayetafuta bei ya chini kila siku bila hata kuangalia ndani ya bidoni anamfundisha kudanganya. Ningependa mashofere na wenye gari kwenye parking yetu wakubaliane mambo matatu. Bidoni za mazutu zipakwe rangi moja na zisiingie kitu kingine. Chupa ya kupimia iwe pale, wazi, mbele ya muuzaji na mnunuzi. Na kila gari itoe franka kidogo kwa juma ili filtre za akiba zipatikane hapa hapa. Na ninyi mama wauzaji, mna sauti. Kabla ya kupandisha mifuko yenu, muulizeni shofere mara ya mwisho aliondoa maji lini. Akicheka, pandeni gari ingine.

Kwa familia zilizorudi, neno la pekee. Tangu Februari 2025, wakati kambi za kandokando ya Goma zilivunjwa, wengi wamerudi Kibumba na kukuta gari iliyokaa miezi mingi, hata miaka, bila kuwaka. Ndugu, usiweke batri mpya na kuwasha kwa furaha. Mazutu ya zamani yamechoka, maji yamekaa chini, panya wamekula mirija. Ondoa mazutu yote, osha tanki, weka filtre mpya na mirija mizima, ndipo ujaribu. Kukawia siku mbili ni bora kuliko kuua pompa kwa dakika mbili.

Na kwa anayenunua pikapu iliyotumika, usidanganywe na rangi mpya. Fika asubuhi injini ikiwa baridi, uone kama inawaka bila kusukumwa. Ondoa mazutu kidogo chini ya filtre ndani ya kikombe, uangalie. Kisha zungusha gari mpaka ipate moto, izime, na ujaribu kuiwasha tena. Ikikataa, na muuzaji akaanza kumwagia pompa maji baridi ili ikubali, shukuru Mungu na urudi nyumbani na pesa zako: pompa ile imekwisha kulika.

Jambo moja la mwisho, juu ya akiba. Kwa kuogopa siku mbaya, wengine wanaficha bidoni za mafuta ndani ya nyumba ao chini ya shitingi karibu na mbabula. Tukumbuke Januari 2002, baada ya volkano ya Nyiragongo: stesheni ya mafuta ililipuka Goma na kuua makumi ya watu waliokuwa wanachota. Akiba iwekwe nje, kivulini, mbali na moto na watoto.

Hatuchagui siku ambayo tutaambiwa tukimbie tena. Mei 2021 ilikuwa volkano, 2022 ilikuwa vita. Namuomba Mungu isirudi. Lakini ikirudi, sitaki mzee mwingine abaki kando ya barabara kwa sababu ya kikombe cha maji ambacho mtu angekitoa asubuhi kwa dakika tano. Mwenye gari, leo jioni, kabla ya kulala, legeza ile robine. Utuambie ulichokuta.