Suluhu Isiyomwita Aliyedhulumiwa

Wako watu wenye nia njema wanaotushauri kwamba jambo likiwa zito mno kwa taifa, heri lisiguswe. Wamarekani waliufuata ushauri huo kwa zaidi ya miaka 70, kisha wakaingia katika vita vya 1861 hadi 1865 vilivyoua watu zaidi ya 600,000. Wengi husema waliangamia kwa kushindwa kusuluhishana juu ya utumwa. Mimi nasema walisuluhishana mno, na kila walipoketi kusuluhishana, mtumwa hakuitwa barazani.

Katiba yao ya mwaka 1787 iliamua kwamba katika kugawa viti vya Bunge, kila watumwa watano wahesabiwe kama watu watatu. Mtumwa hakupata kura. Aliyenufaika kwa hesabu hiyo ni bwana wake. Mwaka 1820 wakachora mstari kwenye ramani ya maeneo ya magharibi ya nchi yao: jimbo la Missouri liingie katika Muungano na watumwa wake, lakini kwingine kaskazini ya mstari utumwa uwe marufuku. Mwaka 1836 Baraza la Wawakilishi likaweka kanuni kwamba maombi ya wananchi kuhusu utumwa yawekwe kando bila kujadiliwa, na kanuni za namna hiyo zikadumu hadi 1844. Funika kombe mwanaharamu apite! Lakini hakupita. Mwaka huo huo wa 1844 Wamethodisti walifarakana kwa ajili ya askofu aliyemiliki watumwa, na mwaka uliofuata Wabaptisti nao wakagawanyika. Ndugu wa imani moja wanaposhindwa kusali pamoja, wanasiasa watawaunganisha kwa lipi?

Suluhu mbaya kuliko zote ilikuja mwaka 1850. Sheria ya watoro ilimpa ofisa wa serikali uwezo wa kuamuru raia yeyote asaidie kumkamata mtumwa aliyekimbia. Mtuhumiwa alinyimwa baraza la wazee wa mahakama, wala hakuruhusiwa kujitetea kwa ushahidi wake mwenyewe. Ofisa akiamua mtu arudishwe utumwani alilipwa dola 10. Akimwachia huru, dola 5. Hebu tafakari, msomaji: haki ya binadamu ilitiwa bei, na dhuluma ndiyo iliyolipwa mara mbili.

Mwaka 1854 Anthony Burns, kijana aliyetoroka kutoka Virginia, alikamatwa mjini Boston. Siku ya kumrudisha, askari walijipanga barabarani kuanzia mahakamani hadi bandarini. Maelfu ya watu walisimama wakipiga kelele za aibu, majengo yakiwa yametundikwa vitambaa vyeusi, na jeneza likining'inia juu ya njia. Wafanyabiashara waliokuwa wakijiambia kwamba utumwa ni shauri la watu wa Kusini waliuona ukipita mbele ya milango yao, ukilindwa kwa singe. Wengi walilala siku ile wakiwa watu wengine.

Nasi wa Afrika Mashariki tusijitoe katika habari hii. Nguo ya merikani iliyouzwa Unguja na kubebwa na wapagazi hadi Tabora na Ujiji ilifumwa Massachusetts kwa pamba waliyoichuma watumwa wale, na huku kwetu majora yake yalinunua pembe za ndovu, na watu pia.

Huko Marekani, baada ya kisa cha Burns mambo yalikwenda mbio. Katika Kansas walowezi wakauana kwa ajili ya utumwa. Mnamo Mei 1856 mbunge Preston Brooks wa South Carolina aliingia ukumbi wa Seneti akampiga Seneta Charles Sumner kwa bakora mpaka ikavunjika, kwa sababu ya hotuba aliyoitoa dhidi ya utumwa. Wafuasi wa Brooks walimpelekea bakora mpya. Mwaka 1857 Mahakama Kuu ikatamka kwamba mtu mweusi hawezi kuwa raia. Abraham Lincoln, aliyepinga kuenea kwa utumwa, aliposhinda uchaguzi wa urais wa 1860, jimbo la South Carolina lilijitenga, mengine yakafuata, na Aprili 1861 mizinga ikalia kwenye ngome ya Fort Sumter, vita vikaanza.

Wapo wanaodai kwamba Kusini ilipigania haki za majimbo. La hasha! Ni Kusini hiyo hiyo iliyoishangilia sheria ya 1850, iliyokanyaga sheria za majimbo ya Kaskazini. Na Mississippi ilipojitenga iliandika waziwazi kwamba msimamo wake umefungamana na utumwa.

Basi enyi mnaoketi mezani kupatanisha watu, iwe ni juu ya ardhi, ujira au kabila, ulizeni kwanza ni nani ambaye hakuitwa. Msisifu utulivu uliopatikana kwa kumziba mdomo mnyonge, wala msidhani mwenye nguvu ataachia siku ikimfaa.

Mwaka 1862, kwa mfano, Lincoln alipiga hesabu: gharama za vita za chini ya nusu siku zingetosha kuwakomboa watumwa wote wa jimbo la Delaware kwa dola 400 kila mmoja. Jimbo hilo lilibaki upande wa Muungano, na watumwa wake hawakufika hata 1,800. Mabwana walikuwa wachache na Lincoln alikuwa tayari kuomba fedha. Delaware ikakataa. Watumwa wake waliobaki walingoja hadi Desemba 1865, marekebisho ya 13 ya katiba yalipowafungua, na jimbo lenyewe halikuyaridhia marekebisho hayo hadi mwaka 1901.